Koti la Mtoto Asiyekua

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku ya joto pale Kator, mtaa mmoja wa Juba, nilipobisha kwa Mama Kiden nikiwa na koti kwenye mfuko, na mtoto mdogo akanijibu kutoka ndani kwamba mama yake ametoka. Mpaka leo, mtoto akinijibu akiwa nyuma ya mlango, sisemi neno la pili kabla sijamwona uso. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema ni uzee.

Nakusimulia haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Nilikuwepo wazee wa ukoo walipokukalisha kwenye kiti cha marehemu kaka yako, wakakuambia ushike shamba na duka mpaka kijana wake akue. Watu walipiga makofi, nawe ukanyoosha shingo. Nilikuona, usibishe. Hata mimi ningenyoosha. Lakini wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na wewe umekalia kiti cha kuazima huku ukiegemea kana kwamba umekichonga mwenyewe. Nikajiambia, huyu nimpe habari za Juba kabla hajakizoea. Basi kaa, chai ipo, na simu hiyo iweke kando.

Wakati ule mkataba wa amani ulikuwa umeshatiwa saini, bunduki zimenyamaza kusini yote, na Wakenya wanamiminika Juba kama waliosikia kuna harusi. Wenye digrii zao waliingia kwenye benki na mashirika. Mimi nilienda na cherehani. Nilipata kibaraza mtaa wa Hai Jalaba, mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja kutoka kaskazini aliyeuza vitambaa, tukaelewana yeye auze na mimi nishone palepale. Mji ulikuwa vumbi na majenereta. Malori yalishusha familia zinazorudi kutoka Uganda, pamoja na magodoro na kuku wao, na kila aliyerudi alitaka nguo ya kumwonyesha jirani kwamba hakurudi mtupu. Kazi haikunipa hata nafasi ya kujikuna.

Mama Kiden alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mwenye kuongea polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu. Watu walimpisha njia, nami nikadhani ni heshima tu. Alikuwa mjane wa sultan, ndivyo wanavyomwita chifu kule, wa ukoo wenye ardhi ng'ambo ya mto. Mumewe alikufa uhamishoni Uganda, akaacha mtoto mmoja wa kiume aliyeitwa Pitia, akiwa bado mdogo wa kushikwa mkono. Mama Kiden ndiye aliyekuwa anamshikia mtoto kiti. Alitatua kesi, aligawa viwanja, alipatanisha watu waliogombania ng'ombe. Shemeji yake, mzee aliyeitwa Modi, alikuwa anakinyemelea kiti hicho tangu siku ya mazishi.

Alinyoosha mezani koti la kitoto la kaki, lenye ukingo mwekundu kwenye kola na vifungo vya shaba.

"Mama Fundi, tashona ingine kama hii," akasema. "Ile ile kabisa. Lakini hapa," akapitisha kidole mabegani, "na hapa kwa kifua, ongeza kidogo. Urefu hapana gusa."

"Nisiguse urefu? Kwani mtoto hakui, mama?"

"Urefu hapana gusa. Na isionekane mpya. Fua na chai, fua na mchanga. Vifungo toa kwa hii ya zamani, weka kwa hiyo."

"Sawa. Mtoto nimpimie wapi?"

"Kipimo ndiyo hii koti."

Mimi nilimwona mjane mwenye huzuni zake. Watu wana mila nyingi, na kwetu fundi hufundishwa mapema kwamba mwili wa mteja hauongelewi sokoni. Nikakata kitambaa. Hakutaka kuniachia lile koti hata kwa saa moja, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani mpaka nilipomaliza, na katika kukaa kule ndipo aliponisimulia hadithi ya mama wa Ujerumani.

Aliipata shuleni, kwenye misheni ya Uganda alikosomea akiwa mkimbizi, kwa mtawa mmoja Mjerumani aliyewafundisha. Hapo kale, alisema, palikuwa na mama wa ukoo mkubwa Ujerumani, ameolewa na mtawala. Mumewe akaugua ugonjwa mbaya wa kumla kidogo kidogo, akafa, akaacha mtoto mdogo wa kiume. Maiti haijapoa vizuri, wakubwa wa nchi wakasema mwanamke atajua nini, wakakaa wao kwenye kiti na kumweka yeye pembeni, hata kumlea mwanawe akapangiwa. Mama yule hakulia mbele yao. Alienda mji kwa mji akiongea na watu, huyu leo, yule kesho. Wakubwa walimtisha, walimchafua jina, naye akarudi tena na tena, hadi wale waliomcheka wakaanza kusimama anapoingia. Mwisho akakichukua kiti kwa niaba ya mwanawe.

"Akakaa," Mama Kiden alisema, na uso wake ukang'aa.

"Halafu?" nikauliza.

"Kalas. Akakaa." Yaani basi, imekwisha.

Mwaka uliofuata alirudi, na miaka kadhaa iliyofuata pia, kila mara mwanzoni mwa kiangazi. Ongeza mabega, ongeza kifua, urefu hapana gusa. Kila mara alinisimulia hadithi ileile, na kila mara yule mama wa Ujerumani aliishia palepale kwenye kiti. Na lile koti, mwanangu, lilianza kunitisha. Lilikuwa fupi kama la mtoto wa darasa la kwanza na pana kama la mbeba magunia. Nikilitandaza mezani niliona umbo la mtu aliyekandamizwa kutoka juu kwa mkono mzito. Niliwaza labda mtoto ana kibyongo, labda alizaliwa na ugonjwa wa mifupa, nikamwonea mama yake huruma na kuufunga mdomo.

Mdomo wangu ulifungwa, lakini ya sokoni haikufungwa. Mwanamke aliyeuza chai jirani yangu aliinama siku moja akaninong'oneza huku anatazama nyuma.

"Mama Fundi, wewe nashona nguo ya ile jena, ile mtoto ya Kiden? Ile mtoto hapana kua. Watoto walirudi naye lori moja kutoka Uganda, leo wamekuwa wanaume. Yeye bado anaongea kama wa nasari."

"Acha mambo ya uchawi," nikamwambia. "Mimi mtu wa kanisa."

"Hata mimi mtu wa kanisa," akasema, akaondoka na birika lake.

Baadaye niliona kwamba wanawake wakipita nyumba ile pale Kator, waliwageuza watoto wao uso upande wa pili. Mtoto akiuliza kwa nini, alipigwa kofi dogo la mgongo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mimi niliyejifanya sisikii nilianza kupita upande ule wa barabara usio na ile nyumba.

Ndipo ikaja ile siku. Mama Kiden alikuwa ameniagiza koti jingine, lakini safari hii nilikuwa na homa na sikulimaliza mbele yake. Aliniachia lile la zamani kwa shingo upande. Nilipopata nafuu nikaamua kumpelekea yote mawili mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya Kator, mabati yanalia kwa joto, wala hapakuwa na mbwa njiani. Nikapiga hodi.

"Mama ametoka," sauti ikajibu. "Ameenda kanisa."

Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya mtoto ambaye meno yake ya kwanza hayajang'oka.

"Mimi ni Mama Fundi. Nimeleta koti lako."

"Ingia, mama."

Ndani palikuwa na giza la mapazia na harufu ya ubani. Pazia moja lilikata chumba katikati. Nikalisogeza huku nimeshaandaa tabasamu langu la kuwapa watoto, nikainamisha macho chini, pale ambapo uso wa mtoto ungekuwa.

Niliona magoti. Yalikuwa juu, karibu na masikio ya mtu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nasari, kile cha mbao cha kimo cha ndoo, na amekunjwa juu yake mara mbili, shingo imeingia mabegani na mgongo umepinda. Shuka lilifunika miguu lakini halikufika mwisho, na mwisho wake zilitokea nyayo za mwanaume, zenye vidole vipana. Kidevuni mwake palikuwa na vipele, mahali ndevu ziling'olewa moja moja.

"Habari, mama," yule mwanaume akasema kwa sauti ya mtoto.

Niliogopa. Nimeosha maiti za watu wangu bila mkono kutetemeka, na pale Kator saa sita mchana nilishika ukuta. Nikafanya kile ambacho kazi ilinifundisha, nikampima kwa macho. Bega hadi bega, kiuno hadi goti. Nikajua kwamba yule akisimama, kichwa changu kitamfika kifuani.

"Wewe ndiye Pitia?"

"Ndiyo, mama." Akanyoosha mikono yake mikubwa, akachukua koti kwenye mfuko, akalikumbatia kama mwanasesere. "Mama, wewe unajua ile hadithi ya mama wa Ujerumani?"

"Naijua kidogo."

"Ule mtoto wake. Alikuwa mkubwa?"

Nilikuwa nimesikia hadithi ile mara nyingi, na sikuwahi kumuuliza Mama Kiden habari za mtoto.

"Sijui," nikamwambia.

"Mama pia anasema hajui." Akatazama pazia.

"Kwa nini husimami?" nikauliza, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa imekauka.

"Nasimama kama mama anasema. Hasemi." Halafu akavuta shuka taratibu. "Usimwambie umeona miguu."

Nilimwomba anirudishie koti, nikasema kifungo kimoja hakijakaza. Akanipa bila ubishi, kama mtoto mwenye adabu. Nilitoka nje kwenye jua kali, na nilikuwa nasikia baridi.

Sikurudi kibarazani. Nilienda moja kwa moja kwa Mzee Lino, katekista wa pale Kator, mzee aliyezoea kuniletea kanzu za watumishi wa altare nizirekebishe. Naye alirudi kutoka Uganda, na ni wa ukoo uleule wa ng'ambo. Nilimkuta anapepeta ufuta uani kwake. Nikamuuliza lile koti lina maana gani.

Akashangaa kwamba sijui. Kwao, akasema, sultan akifa na mrithi ni mtoto, siku ya mazishi mtoto hukatiwa koti kama la baba yake, kwa kipimo chake cha siku hiyo, na vifungo hutolewa kwenye koti la marehemu. Mtu mzima hukaa kwenye kiti badala yake. Kila mwaka baada ya mavuno wazee hukusanyika, mtoto huvaa koti lile mbele yao, na wazee huangalia vifungo. Vikifunga, bado ni mtoto. Siku vikikataa kufunga, aliyeshika kiti anasimama siku hiyohiyo na mtoto anakaa.

"Ya Pitia inafunga kila mwaka," Mzee Lino akasema. "Inabana kidogo, lakini inafunga. Sisi naangalia vifungo, tunasema bado, tunakula, tunarudi nyumbani. Watu wanaogopa. Mimi pia naogopa. Nimeomba sana kwa ule mtoto."

"Mzee, ni koti lile la mazishi?"

"Ile ile."

Nikatoa makoti mawili kwenye mfuko, la mwaka jana na la mwaka huu, nikayatandaza juu ya ungo wake. Mzee Lino aliyatazama. Akagusa kifungo cha shaba, akagusa mshono wangu. Wanasema penye wazee haliharibiki neno, na wazee walikuwa wengi katika ua ule kila mwaka, wameinama wote, macho yao kwenye vifungo vile. Hakuna aliyeinua macho juu akamtazama usoni aliyevaa. Ufuta ulimwagika na hakuuokota.

"Mzee," nikamwambia, "ile hadithi ya mama wa Ujerumani unaijua?"

"Sista alitufundisha. Kiden alikaa benchi mbele yangu."

"Inaishaje?"

Akanieleza. Mtoto yule alikuwa bado kijana mbichi wakati mama yake mwenyewe, yule aliyekipigania kiti miaka yote, alipoomba mfalme mkuu amtangaze kuwa mtu mzima. Hakungoja afukuzwe. Akaondoka kwenye kiti, mwanawe akakaa. Sista aliwaambia kwamba kupigania kiti ilikuwa kazi, na kuondoka ilikuwa kazi zaidi.

Mama Kiden alikuja kibarazani kwangu asubuhi iliyofuata kufuata koti. Alimkuta Mzee Lino amekaa kwenye kigoda chake yeye, na makoti yote mawili yako mezani, moja kando ya jingine. Alielewa kabla hajakanyaga ngazi.

"Kiden, keti," Mzee Lino akasema.

Hakuketi. "Lino, wewe unajua Modi. Ukimsimamisha Pitia leo, kesho Modi anaweka kalamu kwa mkono yake. Watu wa kujenga hoteli nataka kununua ukingo wote wa mto. Akikataa, wanamzika kama baba yake. Baba yake alikula kwa nyumba ya Modi, jioni akafa. Wewe ulikuwepo." Alikuwa bado anaongea polepole. "Mtoto hakuna mtu anamuogopa. Mtoto hakuna mtu anamuua. Mimi nilimficha ndani ya utoto."

"Ulimficha vizuri," Mzee Lino akasema. "Mimi namuona kila mwaka, sikumuona. Sasa niambie, Kiden. Wewe mwenyewe unaweza kumpata?"

Mwanangu, nimesikia watu wakikemewa kwa matusi na kwa fimbo. Sijasikia karipio kama lile lililosemwa kwa upole namna ile. Mama Kiden akatazama lile koti fupi, pana, na nafikiri alikuwa hajawahi kuliona. Alikuwa amelitazama kila mwaka kama ngao, na sasa aliona umbo la mwanawe limeandikwa pale kwa kitambaa. Aligeuka akaondoka, koti akaliacha.

Siku ya vifungo ilipofika, Mzee Lino alinichukua. Ua ulijaa wazee, Modi yuko mbele na kanzu yake nyeupe, wanawake wamesimama mbali na watoto wamegeuzwa migongo. Mama Kiden alikuwa kwenye kiti cha marehemu. Pitia alikuwa chini karibu na miguu yake, kwenye kile kiti cha nasari, amefunikwa shuka, amekunjika. Modi akainama kama kawaida kuangalia vifungo, akakuta hakuna koti.

Mama Kiden akafungua sanduku. Akatoa koti jingine kabisa, ambalo sikulishona mimi wala sikuwahi kuliona, lile lenyewe la siku ya mazishi, dogo la kuweza kumvisha mwanasesere, kaki yake imefifia hadi rangi ya maziwa. Akaliweka kifuani mwa mwanawe. Lilifunika mahali pa moyo tu, mikono ya koti ilining'inia na haikufika hata mabegani. Wazee wakaguna kwa pamoja. Yeye hakueleza kitu wala hakuomba msamaha.

"Gum, Pitia," akasema. "Simama."

Pitia akamtazama kama aliyesikia vibaya.

"Simama, mwanangu."

Shuka likaanguka. Akaweka viganja vikubwa chini, akajisukuma, akaanza kuinuka, na mwanangu, aliendelea kuinuka. Alimpita mama yake aliyekaa, akampita Modi, akampita Mzee Lino. Mwanamke mmoja akapiga kelele, wawili wakakimbia nje ya ua, na yule muuza chai aliyeninong'oneza alipiga magoti. Mgongo ulibaki umepinda, magoti hayakunyooka sawasawa, na hata hivyo alikuwa mrefu kuliko wote pale. Alisimama akiyumba, akimtazama mama yake aone kama amefanya vizuri. Mama Kiden akatoka kwenye kiti na kusimama kando, kichwa ameinamisha.

Modi hakupoteza muda. Akauliza palepale, mbele ya watu, sultan anasema nini juu ya ardhi ya ukingo wa mto. Pitia akageuka kwa mama yake. Mama Kiden alikuwa anatazama mchanga, na mkono wake ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe. Njiwa juu ya paa walisikika.

"Ardhi inakaa," Pitia akasema.

Aliisema kwa ile sauti ya mtoto wa nasari, ikitoka kwenye kifua cha mtu mzima. Modi akacheka, na wengine wakacheka naye. Mzee Lino akasimama, akasema sultan ameongea na mwenye masikio amesikia. Wazee wakainuka mmoja mmoja kumpa mkono. Ardhi ikakaa, na Modi hakuthubutu kumgusa, maana sasa macho ya ukoo mzima yalikuwa juu ya yule kijana.

Ungedhani mambo yaliishia hapo kwa vigelegele. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, lakini nani aliwahi kumkunjua mkavu? Baada ya muda watu wakaanza kusema jambo jipya. Wakivuka mto na sultan wao kwenda kukagua mashamba, wakiwa wanaume tu, sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu wa kuamua. Akirudi nyumbani kwa mama yake, ilikuwa nyembamba tena na magoti yalijikunja. Mama Kiden alidhani ni uzushi, mpaka siku moja alipokuwa anawaletea wageni maji. Kutoka nje ya ukuta wa majani alisikia mwanaume asiyemjua akiongea ndani na wazee, sauti nzito yenye utulivu. Akaingia na jagi. Sauti ile ikapanda katikati ya sentensi, ikawa ya mtoto, na mwanawe akaketi chini.

Alikuja kuniaga kibarazani. Nilimshonea nguo ya safari na sikumruhusu alipe.

"Mama Fundi, mimi nikikaa, yeye nakuwa mdogo," akaniambia. "Naenda Malakal na meli, kwa dada yangu."

"Utarudi lini?"

Alikunja nguo yake vizuri, akaiweka kwenye begi. "Ule mama wa Ujerumani," akasema, "mimi nilijua vile hadithi inaisha. Nilikuwa namwambia Pitia sijui."

Nilimsindikiza hadi bandarini. Meli bapa za mto zilikuwa zinapakia mikungu ya ndizi na magunia, na abiria walipanda juu ya mizigo wakitafuta kivuli. Alipanda, akashika chuma cha pembeni, akatazama mbele, kule maji yanakoelekea. Kamba zilifunguliwa. Meli ilikuwa imeshaingia katikati ya maji niliposikia nyuma yangu mwanaume akiita "Mama!" kwa sauti nene iliyogeuza vichwa vya wapagazi wote. Nami niligeuka kuona ni nani. Alikuwa Pitia, peke yake kwenye ukingo, amesimama, na alikuwa amenyooka kuliko nilivyowahi kumwona.

Mama Kiden alisikia. Niliona mgongo wake ukishtuka na mikono ikikaza kwenye kile chuma. Hakugeuka. Kama angegeuka, sote wawili tulijua sauti ile ingeenda wapi. Pitia aliita tena, na tena, kwa sauti ileile nene, hadi meli ikapinda na mto. Mimi nililia pale bandarini mbele ya wapagazi, na sioni haya kukuambia.

Basi, mwanangu, sikukuita hapa kukutisha. Mama Kiden hakuwa mwizi wala mchawi. Alimpenda mwanawe kuliko mimi ninavyojua kupenda, na aliwashinda watu ambao mimi na wewe tungewakimbia. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba aliisimulia hadithi bila mwisho wake, na siku baada ya siku yeye na mwanawe wakaishi ndani ya ile nusu. Wewe mweleze mtoto wa kaka yako mwisho leo, angali mdogo wa kucheza gololi. Mwambie wazi, siku fulani nitaondoka hapa na wewe utakaa. Mwambie mbele ya mashahidi, ili siku utakapotaka kusahau, pawe na wa kukukumbusha. Mchukue shambani, mwache aulize bei, mwache akosee mbele yako na ukae kimya, hata kama ulimi unakuwasha. Na wewe najua ulimi wako unavyowasha.

Ukiambiwa kuna Modi mlangoni, mlinde mtoto. Lakini kila mwaka mtazame usoni, mtazame na miguu, usiangalie vifungo peke yake. Na ukiona kwamba ukiingia chumbani sauti yake inapungua, toka kidogo. Nenda hata kwa dada yako. Itakuuma, na hakuna dawa ya maumivu hayo ninayoijua.

Mungu akusimamie katika kiti ulichopewa kukishika. Akupe nguvu ya kukilinda na miguu ya kuondokea. Kijana wa kaka yako akue mbele ya macho yako, arefuke akupite, na siku atakapokuita kwa sauti nzito, ikukute ukiwa na amani. Amina. Sasa mwite aje anywe chai na sisi, nataka nimwone amesimama.